Setilaiti ikisema Afrika inachafua hewa, nani anakagua mizani?

Mwaka 2019, jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti ulioongozwa na Paul Palmer wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, na ndani yake kulikuwa na kesi dhidi yetu. Setilaiti mbili, GOSAT ya Japani na OCO-2 ya Marekani, zilikuwa zimepima kaboni dayoksaidi hewani. Hesabu zikaonyesha kwamba Afrika ya tropiki ilitoa tani bilioni 1.48 za kaboni mwaka 2015, kisha bilioni 1.65 mwaka 2016. Geuza hiyo ya 2015 iwe gesi yenyewe, unapata kama tani bilioni 5.4. Hiyo ni karibu sawa na gesi yote ambayo Marekani ilitoa mwaka huo kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi asilia.

Hebu meza hiyo kwanza. Bara ambalo kila mkutano wa tabianchi huambiwa linatoa takriban asilimia 4 tu ya gesi hii inayotokana na mafuta na makaa duniani, ghafla linaonekana limeketi meza moja na Marekani. Na wala si kwa sababu ya matatu za Thika Road. Watafiti walinyooshea kidole ardhi: magharibi mwa Ethiopia na sehemu za Afrika Magharibi, ambako udongo una kaboni nyingi na matumizi ya ardhi yamebadilika sana.

Kisha mwaka 2023 ukaja utafiti mwingine, huu ukiongozwa na Benjamin Gaubert wa kituo cha NCAR, Marekani. Wao waliangalia ukanda wa kaskazini mwa ikweta, ambako hesabu za setilaiti zilikuwa zinasema ardhi inatoa kati ya tani bilioni 0.8 na 1.45 za kaboni kwa mwaka. Walipolinganisha hesabu hizo na vipimo vya ndege iliyoruka ndani ya hewa yenyewe, jibu likawa tani bilioni 0.14, na shaka ya 0.39 juu au chini. Kwa lugha ya mtaa: karibu sufuri. Mshtakiwa anaweza kuwa hana hatia.

Ukanda huo unaanzia ikweta hadi nyuzi 24 kaskazini. Kama umewahi kupiga picha pale kwenye kibao cha ikweta Nanyuki, jua kwamba ukipiga hatua moja kuelekea Isiolo umeingia ndani ya kesi. Meru, Marsabit, Lodwar, Kitale, Eldoret, zote zimo.

Sasa, nani msema kweli? Mimi naona setilaiti hizi ni mashine za ajabu na tunazihitaji. Lakini mizani haiaminiki kuliko jiwe linaloikagua, na mawe ya kuikagua hii karibu yote yamewekwa mbali na sisi.

Hainusi hewa, inasoma mwanga

Watu wengi hudhani setilaiti ina kifaa cha kunusa gesi. Zii. OCO-2, iliyorushwa Julai 2014, iko umbali wa takriban kilomita 705 juu yetu. Huko hakuna hewa ya kunusa. Kazi yake ni kusoma mwanga wa jua uliopita kwenye hewa, ukagonga ardhi au bahari, ukarudi juu.

Kaboni dayoksaidi hula rangi fulani za mwanga ambazo jicho letu halioni. Gesi ikiwa nyingi, rangi hizo zinarudi zikiwa zimefifia zaidi. OCO-2 hupima rangi hizo, halafu inapima pia mwanga unaoliwa na oksijeni. Kwa nini oksijeni? Kwa sababu kiasi chake hewani kinajulikana na hakibadiliki ovyo, kwa hivyo kinasaidia kujua mwanga umepita kwenye hewa kiasi gani. Mwishowe unapata wastani wa gesi katika nguzo nzima ya hewa, kutoka ardhini hadi juu kabisa.

Wastani huo huandikwa kwa ppm, yaani sehemu kwa kila milioni. Charles David Keeling alipoanza kupima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, hewa ilikuwa na takriban ppm 315. Leo tumepita 420.

Hapo ndipo ugumu unaanza. Lengo la OCO-2 lilikuwa kupima kwa kosa lisilozidi ppm 1 hivi. Fikiria gunia la mahindi la kilo 90. Unatakiwa ulipime bila kukosea zaidi ya robo kilo, na haulipimi kwa kuliinua. Unaliangalia kivuli chake ukiwa juu ya ghorofa, mchana, huku watu wanachoma takataka pale chini.

Na moshi huo si mzaha. Vumbi la Sahara na moshi wa mashamba yanayochomwa kiangazi huvuruga safari ya mwanga. Mwanga mwingine hugonga vumbi ukarudi juu kabla ya kufika chini, safari yake ikawa fupi. Mwingine hudundadunda, safari ikawa ndefu. Setilaiti ikidhani mwanga umepita kwenye hewa nyingi kuliko ilivyokuwa kweli, hesabu ya gesi inaenda kando.

Mawingu nayo huharibu kabisa. OCO-2 huchukua vipimo 24 kila sekunde, karibu milioni moja kwa siku, lakini baada ya kutupa vyenye mawingu na kasoro nyingine hubaki takriban kimoja kati ya kumi. Nayo hupita saa saba na nusu mchana hivi, wakati ambapo sehemu nyingi za tropiki mawingu yanaanza kujijenga.

Hata milima ina maneno. Mwaka 2019 wataalamu wa OCO-2 walieleza kwamba kosa dogo katika kujua kifaa kinaelekea wapi hasa lilikuwa limeharibu vipimo vya maeneo yenye milima na mabonde. Juu ya hilo, kosa la msimbo katika programu yao lilikuwa linachukua takwimu za hali ya hewa za saa isiyo sawa, wakati mwingine hadi saa tatu mbele. Makosa yote mawili yanagusa kanieneo ya hewa, na kosa la kanieneo huingia karibu moja kwa moja kwenye jibu la gesi. Piga hesabu: ukikosea mwinuko kwa mita 10, kimo cha jengo la ghorofa tatu tu, kanieneo inabadilika kwa takriban asilimia 0.12. Kwa hewa yenye ppm 420, hiyo ni nusu ppm tayari. Simama pale juu ya Bonde la Ufa ukiangalia Mai Mahiu ilivyo chini, halafu uniambie mita 10 ni nini.

Makosa hayo yaligunduliwa na toleo lililofuata la data likarekebishwa. Hivyo ndivyo sayansi inavyofaa kufanya kazi. Lakini cheki vizuri: yaligunduliwa kwa sababu kulikuwa na kitu cha kulinganishia.

Bucha yenye mshale uliopinda

Kuna aina mbili za makosa, na ukizichanganya utadanganywa maisha yako yote.

Nenda bucha. Mizani ya kwanza mshale wake unatikisika: mara unasoma gramu 980, mara 1,020. Inakera, lakini ukipima mara mia na kuchukua wastani, utakaribia ukweli. Mizani ya pili imetulia kabisa, hakuna kutikisika, ila mshale unaanzia gramu 50 kabla nyama haijawekwa. Pima mara milioni, bado unaibiwa gramu 50.

Setilaiti ina makosa yote mawili. Lile la kwanza linamezwa na wingi wa vipimo, ndiyo maana wanajivunia milioni moja kwa siku. La pili halimezwi na chochote.

Lakini ngoja, kuna kitu kibaya zaidi. Kama bucha zote za mji zingezidisha gramu 50 zile zile, bado ungejua nyama ya nani ni nzito kuliko ya mwenzake. Tatizo ni pale bucha ya mtaa wako inazidisha na ya mtaa wa pili iko sawa. Hapo ukilinganisha, mtaa wako utaonekana unakula nyama nyingi, kumbe ni mshale.

Na ulinganisho ndio kazi yenyewe. Setilaiti haioni gesi ikitoka ardhini. Inaona gesi iliyopo hewani. Ili kujua imetoka wapi, watafiti huchukua kompyuta na kuurudisha upepo nyuma. Ni kama harufu ya nyama choma iliyojaa kwenye ploti: unajua upepo unatoka wapi, unakisia ni jirani yupi. Hewa juu ya eneo moja ikisoma juu kidogo kuliko ya jirani, kompyuta inahitimisha eneo hilo ndilo lenye jiko. Wanasayansi walijua hata kabla ya OCO-2 kurushwa kwamba kosa la sehemu chache tu za kumi za ppm moja, likirudia eneo lile lile, linatosha kupotosha jibu la eneo zima.

Sasa weka pamoja. Eneo lenye vumbi la Sahara, moshi wa kiangazi na mawingu ya tropiki. Kosa dogo linalorudia. Kompyuta inayotafuta mwenye jiko. Utafiti wa Gaubert ulisema wazi kwamba huenda OCO-2 na setilaiti za aina yake zinasoma juu kuliko ukweli kwenye ukanda huo. Ndege waliyoitumia, DC-8 ya NASA, iliruka juu ya Atlantiki katika misimu minne kati ya 2016 na 2018, ikipanda na kushuka ndani ya hewa ambayo upepo huitoa Afrika na kuipeleka magharibi. Ndege inavuta hewa yenyewe ndani ya kifaa. Vumbi haliipotezi njia.

Nani hukagua

Hapa Kenya kuna maafisa wa vipimo wanaozunguka na mawe yao wakikagua mizani za sokoni. Setilaiti nazo zina maafisa wao. Wanaitwa TCCON, mtandao wa vituo vya ardhini ulioanza mwaka 2004 na kituo cha Park Falls, Wisconsin. Kila kituo kina kifaa kinachoangalia jua moja kwa moja, kwa hivyo hakisumbuliwi sana na vumbi wala rangi ya udongo. Vituo vyenyewe hukaguliwa na ndege zinazoruka juu yao zikiwa na vifaa vilivyolinganishwa na mitungi ya gesi ya kipimo cha kimataifa. Mtungi unakagua ndege, ndege inakagua kituo, kituo kinakagua setilaiti. Ni mnyororo.

Na mnyororo huo unafanya kazi. Tathmini iliyochapishwa 2017 ilionyesha kwamba baada ya marekebisho, OCO-2 ilitofautiana na vituo hivyo kwa chini ya ppm 0.4 kwa kipimo cha katikati, na mtawanyiko wa chini ya ppm 1.5. Kusema ukweli, kwa kifaa kilicho kilomita 705 juu, hiyo ni kazi safi.

Lakini uliza vituo viko wapi. Marekani, Ulaya, Japani, Australia, New Zealand. Katika miaka yote ya data ile iliyotushtaki, hakukuwa na kituo hata kimoja cha TCCON kwenye bara lenyewe la Afrika. Vya karibu vilikuwa visiwani: Ascension kule Atlantiki, Réunion kule Bahari ya Hindi, Izaña kule Tenerife. Namibia, pale Gobabeb, kulikuwa na kifaa kidogo cha aina tofauti, na hapo ni jangwani kusini kabisa. Yaani setilaiti imekaguliwa vizuri pale ambapo tayari kuna vipimo vingi, na ikakosa wa kuikagua pale ambapo neno lake ndilo pekee.

Jirani zetu walionja dawa yake. Mwanzoni mwa 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walipeleka kifaa cha kubebeka hadi Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka ziwani, na kwa miezi michache wakapima nguzo ya hewa na kuilinganisha na setilaiti. Kifaa chenyewe hakihitaji jengo la bunge. Kinatosha kwenye sanduku kubwa. Kinachohitajika ni umeme, jua, na mtu wa kukitunza.

Msiende upande wa pili pia

Najua kuna msee ataisoma hii halafu atume kwa kikundi cha familia: "Mnaona? Hata setilaiti ni uongo, hii climate change ni biashara." Apana. Kupanda kwa kaboni dayoksaidi hewani hatukukujua kwa setilaiti. Tulikujua kwa Mauna Loa na vituo vingine vinavyovuta hewa yenyewe, miaka mingi kabla ya OCO-2. Kinachobishaniwa hapa ni gesi kiasi gani inatoka wapi, na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa.

Pia kuna kazi ambazo setilaiti inaziweza bila wasiwasi mkubwa. Ikipita karibu na mtambo mkubwa wa makaa, kama Bełchatów kule Poland au Matimba kule Afrika Kusini, inaweza kuona moshi wake kama mstari na kulinganisha ndani ya mstari na pembeni yake, dakika ile ile, mahali pale pale. Kama mshale umepinda, umepinda pande zote mbili, na tofauti inabaki kuwa ya kweli. Swali gumu ni lile la kulinganisha bara na bara, mwaka mzima, penye vumbi na moshi. Kwa bahati mbaya, hilo ndilo swali linalotuhusu.

Kwa nini hii ni siasa

Mwaka 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilipendekeza bajeti ya mwaka wa fedha 2026 isiyokuwa na pesa za kuendesha OCO-2 na mwenzake OCO-3, iliyo kwenye kituo cha anga za juu. David Crisp, mwanasayansi aliyeongoza mradi huo hapo awali, alisema kubuni, kuunda na kurusha zote mbili kuligharimu takriban dola milioni 750, ilhali kuziendesha ni takriban dola milioni 15 kwa mwaka. Ni kama kununua matatu mpya kisha kukataa kuweka mafuta. Pendekezo si sheria, na Congress ndiyo inayoshika mkoba. Lakini tayari tumeonyeshwa kwamba jicho linalotutazama linaweza kufumbwa kwa uamuzi wa watu ambao hatuwapigii kura.

Wengine wanajaza nafasi. Japani ilirusha GOSAT-GW Juni 2025, Ufaransa na Uingereza zikarusha MicroCarb mwezi uliofuata, na Ulaya inaandaa CO2M, ambayo kazi yake itakuwa kukagua gesi zinazotokana na shughuli za binadamu ili kusaidia Mkataba wa Paris. Tathmini inayofuata ya dunia nzima chini ya mkataba huo ni 2028. Wakati huo nchi haitasema tu "tumetoa kiasi hiki". Kutakuwa na namba kutoka juu kando ya namba yake, na zikikataa kulingana, itabidi mtu ajieleze.

Sisi tutajieleza kwa kifaa gani? Kenya ina sheria ya 2023 inayotaka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Krediti hizo hazihesabiwi kwa OCO-2. Huhesabiwa kwa sampuli, miti na modeli. Lakini mnunuzi anayesoma kwamba ukanda mzima unavuja kaboni kama Marekani ana haki ya kuuliza anauziwa nini, na mfugaji wa Isiolo au Marsabit ndiye ataona bei ikishuka. Kwa namba ambayo huenda ni mshale uliopinda.

Serikali yetu inapenda roketi. Aprili 2023 tulishangilia Taifa-1 ikirushwa, na ilistahili shangwe, ingawa ni kamera ya kupiga picha ardhi na haipimi kaboni dayoksaidi. Juu Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,600, kuna kituo cha Idara ya Hali ya Hewa kilichofunguliwa 1999 chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Ni hazina. Lakini kituo cha aina hiyo hupima hewa ya pale kilipo. Setilaiti inahitaji kukaguliwa kwa nguzo nzima, na kwa mwaka mzima, vumbi likija na mvua ikinyesha. Vifaa vichache kama kile cha Jinja, kimoja Lodwar, kimoja Marsabit, kingine Pwani, pamoja na mshahara wa vijana wa kuvitunza, vingetupa sauti ambayo hakuna hotuba ya mkutano imewahi kutupa.

Mimi chuo niliachia njiani, na hesabu hii haikunihitaji nivae joho. Data ya OCO-2 iko wazi, ya bure, bundles zako tu. Vijana wanaojua kuandika programu wamejaa hapa mjini wakitafuta kibarua. Kazi iko, ni ajira ndiyo haijatangazwa.

Kwa hivyo siku nyingine ukiona kichwa cha habari kinachosema setilaiti imegundua nani anachafua hewa, uliza maswali matatu kabla ya kukasirika au kushangilia. Je, ni kipimo cha gesi iliyopo, au ni makisio ya ilikotoka? Je, vumbi, moshi na milima ya eneo hilo vimehesabiwa vipi? Na kituo cha ardhini kilicho karibu zaidi, kilichokagua kipimo hicho, kiko kilomita ngapi kutoka pale?

Hilo la tatu mpelekee mbunge wako pia.